Nyumba Apewe Nani Kwanza?

(Muziki wa kufungulia. Unapungua polepole, sauti ya mtangazaji inaingia.)

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali lililotumbukizwa kwenye sanduku letu la barua. Atakayelijibu ni mama mmoja aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati ya makazi katika bloku yake. Mama, karibu.

MAMA: Asante, mwanangu. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo.

Barua yenyewe ni fupi, nitaisoma yote. Kijana anaandika hivi: "Mama, mjomba wangu alihamishiwa Marekani miaka minne iliyopita. Anafanya kazi kiwandani, zamu ya usiku. Kila tukimwomba msaada anasema nyumba inamaliza pesa zote. Sisi hapa turubai letu linavuja, na yeye kwenye picha anaonekana amekaa kwenye kochi, chini kuna zulia. Je, anatudanganya? Na nchi tajiri kama ile inashindwaje kuwapa watu wake nyumba?"

Mwanangu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni la mjomba wako. La pili ni la haki. Nitaanza na mjomba.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Zulia uliloliona kwenye picha si la mjomba wako, na hata kochi huenda alipewa na wasamaria. Nyumba ile amepanga. Mkimbizi anapofika Marekani, shirika linalompokea humtafutia mahali pa kukaa na kumsaidia kwa muda mfupi. Msaada ule wa mapokezi ni wa siku 30 hadi 90 za mwanzo. Baada ya hapo anatakiwa afanye kazi na kulipa mwenyewe. Kila mwezi, tarehe ileile, mwenye nyumba anataka pesa yake. Asipolipa, anaweza kupelekwa mahakamani na kutolewa.

Sasa tupige hesabu, chukua kijiti uandike chini. Sheria ya taifa la Marekani inasema mshahara wa chini ni dola 7.25 kwa saa. Kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 2009. Majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi, lakini mengine yamebaki hapohapo. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki kwa kiwango hicho, kwa mwezi anapata kama dola 1,250, na hapo hajakatwa kitu. Serikali ya kule ina kipimo chake: kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato. Asilimia 30 ya dola 1,250 ni dola 375. Basi sikiliza vizuri. Katika majimbo yote 50, hakuna hata moja ambalo mtu wa mshahara wa chini, kwa wiki ya saa 40, anaweza kupanga nyumba ya kawaida ya vyumba viwili vya kulala bila kuvuka kipimo hicho. Hata yale majimbo yaliyopandisha mshahara, kodi nayo imepanda.

Kwa hiyo mjomba wako anaweza kupata mara mbili ya kiwango hicho, na bado nusu ya mshahara ikaenda kwa mwenye nyumba. Kinachobaki ndicho cha chakula, umeme, nauli na viatu vya watoto. Ukipiga simu siku ya pili baada ya kulipa kodi, utamkuta mtu mwenye kazi na asiye na pesa. Hakudanganyi.

Tuje kwenye swali la haki, maana hapo ndipo penye uzito.

Ulidhani serikali ile haina mpango wa nyumba. Mpango upo, tena wa miaka mingi. Tangu mwaka 1974 kuna utaratibu ambao familia yenye kipato kidogo hupewa hati ya kusaidiwa kodi. Familia inatafuta nyumba kwa mwenye nyumba wa kawaida, inalipa karibu asilimia 30 ya kipato chake, na serikali inalipia kinachobaki mpaka kiwango fulani. Ukipata dola 1,500 kwa mwezi, wewe unalipa kama dola 450. Kazi ikipotea na kipato kikishuka, sehemu yako nayo inashuka. Wenye kibali cha ukimbizi nao wanaruhusiwa kuomba. Kwenye karatasi, huo ni mpango mzuri.

Tatizo ni mlangoni. Katika kila familia nne zenye sifa ya kusaidiwa, ni kama moja tu inayosaidiwa. Zile tatu hazikukosea fomu wala hazina kipato kikubwa. Bajeti imeishia hapo, basi. Hebu fikiria siku ya mgao hapa kwetu. Watu wanne wamepanga mstari, wote wana kadi halali. Wa kwanza anapimiwa unga, debe linajaa. Wale watatu wanaambiwa: majina yenu tumeyaandika, mtaitwa. Wanaitwa lini? Katika miji mingi, orodha ya kusubiri huchukua miaka. Kwingine orodha imefungwa kabisa, haipokei jina jipya. Ikifunguliwa kwa siku chache, wanaojiandikisha ni wengi mno hata majina huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Bahati nasibu ina haki yake: tajiri hawezi kuinunua, na binamu wa karani hapendelewi. Lakini haimjui mama mwenye watoto sita anayelala kwenye gari. Foleni nayo ina haki yake: aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Lakini foleni ina ubaya kwa mgeni. Aliyekuja jana, hata kama hali yake ni mbaya kuliko ya wote, yuko nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalioni upesi. Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili: ile unayompa mwenye nyumba na ile unayoipa serikali. Kule Marekani, mtu aliyekopa benki akanunua nyumba anaweza kupunguziwa kodi ya serikali kwa sababu ya riba anayolipa. Nafuu hiyo haina foleni wala bahati nasibu. Kila mwenye sifa akiidai, anaipata, na wanaonufaika zaidi ni wenye kipato kikubwa. Mpangaji maskini anasubiri miaka, mwenye nyumba hasubiri. Wote wawili wanasaidiwa na serikali ileile, ila msaada wa mmoja unaitwa msaada, na wa mwingine hauitwi hivyo. Hapo ndipo ninaposema mpango una kasoro ya haki, si ya upungufu wa pesa peke yake.

Nisiseme mabaya tu. Mwaka 1968 nchi ile ilipitisha sheria inayokataza mwenye nyumba kumkataa mpangaji kwa sababu ya rangi, dini au taifa alikotoka. Rais aliitia saini siku saba baada ya Martin Luther King kuuawa. Baadaye wakaongeza kwamba asikataliwe kwa sababu ni mwanamke, na mwaka 1988 wakaongeza ulemavu na kuwa na watoto. Kwa hiyo mjomba wako akiambiwa, "Hapa hatupangishi Waafrika," au "Watoto wako ni wengi mno kelele," ana mahali pa kulalamika, na kulalamika ni bure. Mwambie ajue hilo.

Tusiende mbali sana, tutazame na majirani. Kenya nayo imeanzisha mpango wa nyumba za bei nafuu. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Watu walikwenda mahakamani, na Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema makato yale yalikuwa kinyume cha katiba. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba yaliwagusa wenye ajira rasmi peke yao na kuwaacha wengine bila maelezo ya kutosha. Bunge likatunga sheria mpya, ikatiwa saini Machi 2024, na sasa hata asiyeajiriwa anahesabiwa. Hapo nalo likazuka swali: mama muuza mboga atachangia, sawa, lakini je, nyumba zikikamilika ataweza kulipia malipo ya kila mwezi? Nyumba inaweza kuitwa ya bei nafuu na bado ikampita yule aliyetajwa ilipokuwa inajengwa.

Sasa nirudi kwetu, maana si vizuri kuhukumu nyumba ya jirani na ya kwako inavuja.

Mwaka ule nikiwa kwenye kamati ya makazi, yaliletwa maturubai kabla ya mvua. Hayakutosha kaya zote za bloku. Tulikaa chini tukabishana. Wengine walisema: kila kaya moja, mpaka yaishe, hiyo ndiyo haki. Mimi nikauliza: bibi anayeishi peke yake apewe sawa na familia ya watu tisa? Mwingine akanijibu: lakini yule bibi hana mtu wa kumpandia juu ya paa, na wale tisa wana vijana watatu wenye nguvu. Wote tulikuwa na sababu. Mwishowe tukatengeneza orodha kwa uhitaji: wagonjwa, wazee wasio na msaada, wajane, familia kubwa, kisha wengine.

Orodha ilipotoka kuandikwa vizuri, niliona jina ambalo hatukulijadili. Lilikuwa la shemeji wa mmoja wetu, kijana mzima, paa lake halina shida. Na jina la mjane mmoja lilikuwa limeshuka chini ya mstari. Nililiona. Nikanyamaza. Nilijiambia, turubai moja tu, nisiharibu ujirani. Mvua ilipokuja, yule mama alihamisha watoto wake wanne usiku, akaja kugonga kwangu. Kwangu, ndugu wasikilizaji. Alilala chini ya paa langu wiki mbili, akanishukuru kila asubuhi, na kila asubuhi nilishindwa kumtazama usoni.

Tangu siku ile nilikataa orodha ya mfukoni. Mgao uliofuata tulisomea majina hadharani, chini ya mti, kila mtu akisikia: fulani, sababu ni hii. Watu walipinga majina mawili, tukayatoa. Ugomvi ulikuwepo, lakini ulikuwa wa mchana, si wa kunong'onezana. Na waliokosa walirudi nyumbani wakijua kwa nini wamekosa.

Kwa hiyo, popote utakaposikia habari ya mpango wa nyumba, iwe kambini, Nairobi au Marekani, uliza maswali matatu.

La kwanza: nani anatangulizwa, na nani ameliandika jina lake? Kama sababu haiwezi kusemwa mbele za watu, sababu hiyo si nzuri.

La pili: baada ya kulipia nyumba, sufuria inabaki na nini? Nyumba inayokula chakula cha watoto bado haijawa nafuu.

La tatu: mtu aliyemo ndani anaweza kuondolewa vipi? Nyumba ambayo unaweza kufukuzwa bila kusikilizwa ni mahali pa kujishikiza tu.

Na mjue kwamba kuuliza si utovu wa adabu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 21, unazungumzia makazi. Unasema mkimbizi aliyeko nchini kihalali atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, na asitendewe vibaya kuliko wageni wengine wenye hali kama yake. Viwango vya kibinadamu navyo vinataja angalau mita za mraba 3.5 za sehemu iliyoezekwa kwa kila mtu, bila kuhesabu jiko wala bafu. Familia ya watu tisa ni mita za mraba 31 na nusu. Pima kwako, uone. Kisha peleka hesabu hiyo kwa mwenyekiti wa bloku au dawati la malalamiko. Na mtu akikudai pesa ili jina lako lipande kwenye orodha, usimpe. Msaada hauuzwi. Toa taarifa, waweza kuitumbukiza kwenye sanduku bila jina. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo siku majina yakisomwa, uwepo.

Mwanangu uliyeandika barua, namalizia kwako. Najua wengi hapa safari zao zilikwama pale Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025, na maumivu ya kungoja yanafanya picha ya zulia ichome zaidi. Lakini mpigie mjomba. Safari hii usianze na ombi. Muulize: "Mjomba, kodi ya mwezi huu umelipa?" Muulize kama ameandikisha jina lake kwenye orodha ya hati za kusaidiwa. Utasikia sauti yake inabadilika, kwa sababu huenda wewe ni wa kwanza kumuuliza. Naye akikuuliza habari za turubai, mwambie ukweli wote, kwamba linavuja. Mnavujiwa wote wawili, yeye mfukoni, ninyi kichwani. Mkijua hivyo, mtasaidiana bila kushukiana.

Mimi nimemaliza.

MTANGAZAJI: Asante sana, mama. Nawe msikilizaji, je, kwenye bloku yako majina ya mgao husomwa hadharani? Tuandikie na utumbukize barua kwenye sanduku letu, tutaisoma. Mpaka wakati mwingine, kwaheri.

(Muziki wa kufungia.)