Punda Akigoma Njiani

Leo tuzungumze juu ya woga wa wanyama wa kazi, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Tuseme unatoka shambani kwako Lionja, punda amebeba ufuta. Mnafika korongoni, maji yamebaki kidimbwi tu. Punda anasimama. Unavuta, hasogei. Unasukuma, ndiyo kwanza anakaza miguu. Hapo wengi wetu hukata fimbo na kusema, "Huyu mkaidi kwelikweli!"

La, ndugu yangu. Huyo anaogopa. Farasi, ambaye huku kwetu kwenye mbung'o hatumfugi, akishtuka hukimbia hata kabla hajajua ameshtuliwa na nini. Punda sivyo. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu zenye mawe, kama Ethiopia na Somalia, na yeye akiona jambo asilolielewa mara nyingi husimama kwanza alitazame. Hiyo ndiyo tunayoiita ukaidi.

Tena fikiri anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote bila kugeuka, lakini nyuma ya mkia haoni, na chini ya pua yake haoni. Kile kidimbwi kinachong'aa, hawezi kujua kama kina chake ni kidole kimoja au ni shimo. Ili ajue ni lazima ainamishe kichwa, nawe umekaza kamba kichwa kiko juu! Ukimchapa hapo, unamthibitishia kwamba kweli mahali pale pana hatari, na safari ijayo ataanza kugoma mbali zaidi.

Basi legeza kamba. Mwache anuse. Kama yupo punda mwingine aliyezoea, atangulie. Akinyanyua mguu mmoja tu kwenda mbele, acha kuvuta papo hapo, ajue amefanya vema. Afadhali mazoezi haya uyafanye wakati kazi ni chache, bila mzigo, kuliko siku ya soko.

Maksai ni habari nyingine. Tangu wafugaji walioondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006 walipoanza kuingia mkoani Lindi, ng'ombe si wageni tena kwetu. Ng'ombe ni mnyama wa kundi: mmoja akishtuka na mwenzake anashtuka, hata kama hakuona kitu. Mlio wa mnyororo wa plau, pikipiki inayopita, turubai linalopepea, vyote vinatosha. Dalili utaziona mapema: kichwa juu, masikio yameelekea kitu kimoja, weupe wa macho umetokeza, anakunya mara kwa mara. Simama hapo hapo. Usimwendee kwa nyuma. Mwendee kwa upande wa bega, huku unasema naye kwa sauti ya chini.

Na hili nalisema mara mbili. Kamba ya ng'ombe usiizungushe mkononi. Usiizungushe mkononi, wala usimfungie mtoto kiunoni ati ng'ombe asimponyoke. Ng'ombe akitimka hakumbuki kuwa kuna mtu nyuma yake, na mtoto ataburutwa mpaka kamba ikatike. Ishike kiganjani tu, iweze kuachiwa. Wakikimbia na plau, waache. Ukiwafuata kwa kelele unawaongezea mbio. Wakishasimama, wape kama nusu saa watulie kabla ya kuwarudisha kazini.

Mwenye kuku tu naye asiseme hayamhusu. Jogoo ana mlio mmoja wa kipanga na mwingine wa mnyama wa chini, kama kicheche. Kuku wakisikia ule wa kipanga hukimbilia kichakani au hulala chini kimya. Kwa hiyo unapofyeka uwanja ukawa mweupe, bakiza kichaka kimoja viwili, au weka tenga kuukuu la kujifichia vifaranga.

Kwa leo ni hayo. Juma lijalo tutakuja na palizi ya mikorosho.