Kabla Hujasema Haiwezekani



Tarehe 6 Septemba 2009, bahati nasibu ya taifa ya Bulgaria ilitoa namba 4, 15, 23, 24, 35 na 42. Siku nne baadaye, katika droo iliyofuata, zikatoka namba zilezile sita, kwa mpangilio tofauti. Mara ya kwanza hakuna aliyepata zawadi kuu. Mara ya pili walipata watu 18. Kelele zikawa kubwa. Waziri wa michezo akaamuru uchunguzi, na uchunguzi haukukuta hila.

Ninyi mnaohitimu takwimu mnajua kwamba namba 6 kati ya 42 zinaweza kuchaguliwa kwa njia 5,245,786. Mwananchi akishtuka ana haki. Kazi yenu ninyi ni kuuliza kwanza: jambo hili lilikuwa na nafasi ngapi za kutokea?

Tuwatazame wahitimu 23 tu wa hapa mbele. Uwezekano kwamba wawili kati yao wanasherehekea siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu, kwa sababu watu 23 wanatoa jozi 253, na kila jozi ni nafasi. Droo nazo ni hivyohivyo. Mchezo kama ule wa Bulgaria ukichezeshwa mara 2,700 hivi, uwezekano wa seti yoyote kujirudia unafika nusu. Kwa droo mbili kila wiki, hiyo ni miaka 26.

Kujirudia kwa droo mbili zinazofuatana ni adimu zaidi, wala silifichi hilo. Mchezo mmoja ungesubiri, kwa wastani, zaidi ya miaka 50,000. Ila michezo ya namna hii duniani ni mingi, inachezeshwa wiki hadi wiki kwa miongo, na hakuna aliyeitaja Bulgaria kabla ya siku ile. Tuliigeukia baada ya tukio, tukasahau droo zote zilizopita kimya.

Afrika Kusini nako, tarehe 1 Desemba 2020, droo ya PowerBall ilitoa 5, 6, 7, 8, 9, na mpira wa ziada ukawa 10. Tiketi 20 ziligawana randi milioni 114, na watu wakasema wameibiwa. Mfuatano ule ulikuwa na nafasi moja katika 42,375,200, sawasawa na mfuatano mwingine wowote. Wingi wa washindi ndio uliowatia watu shaka, lakini ulitokana na wachezaji wenyewe: wengi hupenda namba zinazofuatana.

Sasa msiondoke hapa mkidhani kila ajabu ni nasibu. Kule Iowa, Marekani, Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi. Alipenyeza msimbo kwenye programu ya kuchagua namba, ili siku chache za mwaka matokeo yaweze kubashiriwa. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Wala hakunaswa kwa sababu ya namba za ajabu. Namba zake zilikuwa za kawaida kabisa. Kilichomponza ni tiketi ya dola milioni 16.5 ambayo mwenyewe hakujitokeza kuidai, pamoja na video ya dukani iliyomwonyesha akiinunua.

Tofauti hiyo kati ya ajabu na ushahidi inanigusa sana, kwa sababu nimeona jinsi neno "haiwezekani" linavyotolewa haraka maofisini, na anayelipia ni karani asiye na mtetezi. Wengine wenu mtaajiriwa kwenye mitihani, wengine kwenye ukaguzi wa zabuni, wengine hospitalini. Siku moja mkuu wa idara atakuwekea mezani karatasi mbili za majibu yanayofanana na kukuomba usaini kwamba wenye karatasi hizo wameibia. Mwombe, kwa heshima zote, karatasi za watahiniwa wote waliofanya mtihani ule. Hesabu jozi zake. Kisha mwombe ramani ya viti, uone nani alikaa karibu na nani. Kama wameibia, andika hivyo bila kumwogopa mtu.