Saa 1,200 za Mwaka wa Kwanza
Mazungumzo na vijana wanaokwenda kusomea uhandisi, pamoja na wazazi wao, Makambako na Njombe



Tumekuja kuzungumza juu ya kitu mnachokinunua. Huenda neno hilo likawashangaza baadhi yenu, kwa kuwa hatujazoea kuihesabu elimu pamoja na mabati na mbolea. Lakini mzazi aliyeuza parachichi za msimu mzima ili alipe ada ametoa fedha, amepewa stakabadhi, na kuna huduma aliyoahidiwa. Huyo ni mlaji kama walaji wengine. Mfuko wa saruji ukiwa umeganda, atarudi nao dukani. Mwaka wa masomo ukipotea, hakuna duka la kuurudisha.

Tumechagua uhandisi kwa sababu katika mkoa huu hautajwi kwa mbali. Reli ya TAZARA inapita Makambako. Hapo hapo barabara kuu ya Mbeya inakutana na ile inayopanda Njombe hadi Songea, na njia ya umeme wa kilovolti 220 inatokea huko kuelekea kusini. Ludewa nako watu wamelisikia jina la chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma tangu utotoni. Kijana aliyekulia kati ya mambo hayo akitaka kuwa mhandisi, hatuoni ajabu. Shahada yenyewe huchukua miaka 4, na kwa maoni yetu mwaka unaohitaji kupangwa kuliko yote ni wa kwanza, maana ndio mwaka ambao mwanafunzi bado hajui anapimwaje.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili ya kuhakikisha, nasi tutayapitia upesi. Kwanza, programu unayoomba iwe imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Orodha imo katika mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume kila mwaka. Pili, iwe inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa kuwa anayetaka kuitwa mhandisi na kufanya kazi hiyo kisheria husajiliwa na Bodi hiyo. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Mtu anayekufuata stendi akidai ana nafasi mfukoni mwake, mwache aendelee na safari yake. Na ada ya chuo cha umma hulipwa kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na mfumo wa chuo chenyewe. Haipiti katika simu ya mtu binafsi, hata awe mjomba wa nani.

Sasa tuje kwenye saa.

Kila kozi ya chuo kikuu ina uzito unaohesabiwa kwa krediti. Katika utaratibu wa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Kwa hiyo mwaka mmoja ni saa 1,200, na muhula mmoja ni saa 600. Zikigawanywa kwa wiki 15 za muhula, mwanafunzi anadaiwa saa 40 kila wiki. Hiyo ni kazi ya ofisini ya siku 5, saa 8 kwa siku, bila kutoroka.

Wazazi wengi hudhani saa hizo zote ni za kukaa darasani. Sivyo. Chukua kozi ya krediti 12: ni saa 120, yaani saa 8 kwa wiki. Ratiba ikionyesha saa 4 tu za mhadhara, semina na maabara, zile 4 nyingine hazikuandikwa popote, lakini zinadaiwa vilevile. Mhadhiri hatakuja kuzikumbusha, na hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Kijana aliyetoka shule ya bweni, ambako hata usingizi ulikuwa na ratiba, huona nafasi tupu katika karatasi ya ratiba na kuiita mapumziko. Nafasi hiyo imekwisha kulipiwa ada. Ni sehemu ya bidhaa.

Ndiyo maana tunashauri karatasi mbili. Ya kwanza ni ya wiki moja, yenye saa zilizopangwa na chuo kwa kalamu na saa zako mwenyewe kwa penseli, hadi jumla ifike 40. Ya pili ni ya muhula mzima, wiki ya 1 hadi ya 15. Siku mhadhiri anapogawa mpango wa kozi, hamishia humo tarehe za majaribio, za kukabidhi ripoti za maabara na michoro. Kozi 5 zikiandikwa katika karatasi moja, mara nyingi utaona jambo ambalo hakuna mhadhiri mmoja anayeliona: majaribio 3 na mchoro mmoja vimeangukia wiki zile zile 2. Ukiligundua hilo wiki ya 2, una muda wa kusogeza kazi mbele, au kwa kumtumia kiongozi wa darasa kuomba tarehe moja ibadilishwe. Ukiligundua wiki ya 7, utakesha.

Tueleze kwa nini majaribio hayo yana uzito. Katika vyuo vyetu vingi alama ya mwisho ya kozi hugawanywa hivi: 40 za tathmini endelevu, yaani majaribio, mazoezi na maabara, na 60 za mtihani wa mwisho wa muhula. Tuseme alama ya kufaulu ni 40 kwa 100. Aliyeingia mtihanini na alama 26 kati ya 40 amebakiza 14 kati ya 60. Aliyeingia na 10 anahitaji 30 kati ya 60, yaani nusu ya karatasi, katika kozi ile ile aliyokuwa akipata robo. Tena vipo vyuo vinavyomzuia mwanafunzi asifanye mtihani kama tathmini yake haikufikia kiwango, au kama hakuhudhuria vya kutosha. Kiwango hicho kimeandikwa katika kanuni za mitihani. Ziombe wiki ya kwanza. Wanafunzi wengi huzisoma kanuni hizo siku ya kukata rufaa, wakati hazina msaada mkubwa tena.

Wanaoingia uhandisi hutoka njia mbili, na kila njia ina shimo lake. Aliyetoka kidato cha sita na fizikia, kemia na hisabati hukuta wiki za mwanzo za hisabati zinafanana na alichokisoma shuleni. Hufurahi, huacha kuhudhuria, hushtuka somo likiwa limekwisha mpita. Lakini mbele ya mchoro wa kihandisi au mashine ya karakana hana uzoefu wowote, na mchoro haukariwi usiku mmoja. Aliyetoka stashahada ya ufundi ni kinyume chake: mkono wake unajua kazi, ila hisabati imemkalia mbali kwa miaka kadhaa. Huyu wa pili tungemshauri atumie miezi ya kusubiri kufungua chuo kurudia vitabu vya hisabati vya kidato cha tano na sita. Na wote wawili wakae kikundi kimoja cha kujisomea. Kila mmoja ana bidhaa ambayo mwenzake anaihitaji, na haiuzwi.

Kuna bidhaa nyingine inayouzwa, nayo tunaionya waziwazi. Karibu na vyuo hupatikana watu wanaoandika ripoti za maabara na kuchora michoro kwa malipo. Bei huonekana ndogo. Kwanza, ni udanganyifu wa kitaaluma, na adhabu yake yaweza kufika kufukuzwa chuo. Pili, hata usipokamatwa, umenunua alama 5 na kupoteza mazoezi ambayo yangekupa 30 katika mtihani. Mlaji anayelipa ada ili afundishwe, kisha analipa tena ili asijifunze, amelipia hasara mara mbili.

Vifaa navyo huleta haraka isiyo na sababu. Kompyuta mpakato ya bei ya ng'ombe wawili hununuliwa Agosti, kisha Novemba idara inasema programu za mwaka wa kwanza zinaenda hata kwenye mashine ya kawaida. Subirini maelekezo ya chuo. Kikokotoo cha kisayansi, vifaa vya kuchorea, ovaroli na viatu vya karakana ndivyo vitakavyohitajika mapema.

Kuhusu mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao wanafunzi huuita bumu pale wanapopokea fedha za chakula na malazi, tunasema mambo mawili. Bumu huja kwa awamu, kwa hiyo ligawanye kwa wiki kabla hujaligusa. Na mkopo wa mwaka wa pili hutegemea kufaulu mwaka wa kwanza. Kwa lugha ya wanafunzi, sapu ni mtihani wa marudio, na disko ni kuondolewa chuoni kwa kushindwa. Kijana aliyepata disko hana shahada, lakini deni alilokwisha chukua linabaki lake. Anayehitimu na kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Asiyehitimu hulipa deni lile lile kwa kipato kisichokuwa na shahada ndani yake.

Tunafahamu pia kwamba vijana wa huku ni hodari wa biashara. Wapo wanaopokea viazi kutoka nyumbani na kuviuza Dar es Salaam au Mbeya huku wakisoma. Hatuwezi kumkataza mtu kujitafutia chakula. Tunamwomba tu aandike saa za viazi katika karatasi ile ile ya wiki. Kama zimekula saa za penseli, bei ya gunia si ile aliyoiona sokoni.

Wazazi, nanyi mna nafasi yenu. Ombeni nakala ya karatasi ya muhula, ibandikeni ukutani. Mvua za Novemba zikianza na mashamba yakidai watu, tazameni kwanza wiki hiyo ina nini kabla ya kupiga simu ya "mwanangu, njoo mara moja." Ukitokea msiba wa karibu, kijana asiondoke kimya, aombe ruhusa ya maandishi na abaki na nakala yake, kwani jaribio alilokosa bila ruhusa huhesabiwa sifuri. Na msimuulize tu kama "masomo yanaendelea." Muulizeni alama za jaribio la kwanza la kila kozi. Jibu hilo hupatikana katikati ya muhula, wakati bado kuna la kufanya.

La mwisho ni haki. Mwanafunzi ana haki ya kuziona alama zake za tathmini kabla ya mtihani. Kama jaribio lako halikuingizwa, au alama zimekosewa, mwone mhadhiri ukiwa na karatasi yako iliyosahihishwa, kisha mkuu wa idara, na uandike barua badala ya kutegemea maneno ya korido. Rufaa ya matokeo ina siku zake na mara nyingi ina ada yake. Zikipita siku hizo, hata dai la kweli halisikilizwi. Kwa hiyo hifadhini kila karatasi iliyosahihishwa, kila stakabadhi ya ada na kila barua ya ruhusa katika bahasha moja hadi siku ya mahafali. Picha ya simu inafaa, lakini simu huibwa.

Sasa tunapokea maswali. Waliokuja na barua za udahili wasogee mbele, ili tuzisome pamoja.