Kiongozi asiyekubali kufundishwa ni hasara

Haya ni maneno ya mwandishi wa kujitegemea aliyoyatoa mbele ya vijana wa tawi moja la jijini Dar es Salaam. Tunayachapa kama yalivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa tawi, mama zangu mliokaa pale nyuma, na ninyi vijana wenzangu mliofunga meza zenu za biashara mkaja hapa: Mageuzi!

Nimeambiwa nizungumze juu ya uongozi. Nilicheka. Mimi ni kidato cha nne, naishi kwa kuuza habari moja moja magazetini, na sijapata kuongoza hata timu ya mtaa. Lakini nimeongozwa sana. Abiria hahitaji leseni ya udereva ndipo aseme breki za basi hazishiki.

Nataka nianze na kaulimbiu ambayo baba zetu waliiimba mpaka sauti zikakauka: "Zidumu fikra za Mwenyekiti!" Umati uliitika, "Zidumu!" Ni nani aliyethubutu kuuliza: fikra zipi? Za mwaka jana au za asubuhi hii? Na zikionekana zimekosea, zidumu vilevile?

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwenye fikra mwenyewe, Mwalimu Julius Nyerere, hakutaka zote zidumu. Waliotaka zidumu ni wapambe.

Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999. Mimi nilikuwa sijazaliwa, kwa hiyo sina chuki naye wala sina deni lake. Nimemsoma tu. Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Januari 22, 1962, siku 44 baadaye, alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti, yeye akaenda kuzunguka nchi, kukijenga chama na kusikiliza watu. Nipeni kigogo mmoja wa leo, awe wa kwao au wa kwetu, anayeweza kuachia ofisi baada ya siku 44 akakae na wananchi kwenye mikeka. Hayupo. Akipata gari tu, kioo kinapanda juu.

Lakini sikuja hapa kumtangaza mtakatifu. Mtu huyo huyo alikosea, na alikosea sana pale alipojizungushia watu wa kuitikia. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza uanachama baadhi ya wabunge waliokuwa na ndimi ndefu. Wenye maswali wakatolewa, wakabaki wenye makofi. Tazameni kilichofuata. Kuanzia mwaka 1972 Serikali ilifuta halmashauri za wilaya na za miji, madiwani wakaenda nyumbani, maofisa kutoka juu wakachukua kazi. Mwaka 1976 vikafutwa vyama vikuu vya ushirika, mkulima akakabidhiwa kwa mamlaka za mazao. Nani alimwambia Mwalimu kwamba huko ni kuua? Aliyekuwa na ubavu wa kusema alikuwa ameshaona wenzake walikopelekwa.

Matokeo yake yalionekana hapa hapa mijini. Taka zilirundikana, mitaro ikaziba, huduma zikaanguka, na mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kikatupiga. Ndipo halmashauri za miji zikarudishwa, 1978. Za wilaya zilisubiri mpaka miaka ya themanini, na ushirika ulihitaji sheria mpya ya mwaka 1982.

Na hapa ndipo namvulia kofia. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alimwambia mhariri wa jarida moja la nje kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala ushirika. Hakusingizia ukame, mabeberu au wasaidizi. Alikiri kwamba yalikuwa makosa.

Baadaye likaja kubwa zaidi. Februari 1990, baada ya tawala za Ulaya Mashariki kuporomoka, mzee huyu aliyeutetea mfumo wa chama kimoja kwa miaka mingi, na ambaye bado alikuwa Mwenyekiti wa CCM, alisema kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Waliozoea kuitikia walibaki midomo wazi. Mwaka 1991 ikaundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali. Watu wapatao asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1, 1992 sheria ikaanza kazi. Tawi hili mlilokalia leo limetokana na wakubwa waliokubali kwamba walilolijua jana halitoshi kwa leo. Tusisahau pia kwamba wapo wananchi waliolidai hilo mapema wakaitwa wasaliti.

Sasa najua mnataka nimalizie hapo, nikitukane chama tawala, mpige makofi, twende nyumbani. Samahani, leo sitawapa raha hiyo. Ugonjwa wa "zidumu fikra" umehama nyumba. Umekuja kwetu.

Kumbukeni NCCR-Mageuzi. Mwaka 1995 Augustine Mrema alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais. Ilikuwa nguvu ya kutisha. Kufikia 1997 chama kilikuwa vipande viwili, upande wa Mrema na upande wa Mabere Marando, kila mmoja akijiona ndiye chama. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP, na mwaka 2000 akapata chini ya asilimia 8. Dola ilifurahi, ndiyo, lakini upinzani nao ulijikata kisu. Hakuna upande uliotaka kufundishwa na mwenzake.

Na mimi nina langu. Chama sikitaji, wala mtu simtaji. Nilisimama kwenye mkutano wa ndani nikauliza michango ya kadi imekwenda wapi. Swali la shilingi tu. Mwenyekiti hakunijibu. Alimtazama kijana mmoja wa pembeni, kijana akasimama akasema, "Huyu ni pandikizi." Nikatolewa nje na wenzangu niliobandika nao mabango usiku. Nilipofika mlangoni nilisikia makofi. Nikajiambia: kumbe tumeondoa wimbo, tumebakiza kiitikio.

Vijana, ninyi ni mafundi, mnalielewa hili kuliko maprofesa. Fundi wa gereji aliyejifunza kwenye malori ya zamani akiletewa gari la kompyuta ana njia mbili. Akae chini na kijana wa juzi amwelekeze, au apige nyundo ili wateja wasijue kwamba hajui. Wa kwanza ataendelea kuitwa fundi. Wa pili ataua gari la mtu, na mwenye gari ndiye atakayelipa. Nchi ni gari la mtu, na mwenyewe ni wewe unayelala njaa.

Kwa hiyo kabla hamjamnyooshea mtu mkono kwenye uchaguzi wa tawi, mwulizeni maswali matatu. La kwanza: taja kosa lako moja ulilolifanya na ulichojifunza. Akisema hana, huyo ni muongo au hajafanya kazi. La pili: ni nani karibu yako anayekupinga waziwazi na bado mnakula naye? Akikosa wa kumtaja, amezungukwa na wapambe. La tatu: tutakutoaje ukishindwa? Rais wa nchi hii amewekewa kikomo cha vipindi viwili kwenye Katiba tangu 1984. Tunayemdai Rais ukomo tusione haya kumdai mwenyekiti wetu.

Msiogope kuitwa mapandikizi. Mwaka 1990 kulikuwa na watu waliodhani kutaja vyama vingi ni uhaini, mpaka mkubwa wao mwenyewe alipowaambia sivyo. Ila sisi hatuna haja ya kumsubiri mkubwa atupe ruhusa.

Nimemaliza. Na kama kuna niliposema uongo, inukeni mnisahihishe sasa hivi. Sitamwita mtu pandikizi.