Sauti Nne, Wimbo Mmoja



Iko tuni ya zamani ya Ireland, iitwayo Slane. Ilichapwa mwaka 1909 kama wimbo wa mapenzi. Baadaye ikapewa maneno ya sala, na kwaya nyingi huiimba kwa sauti nne. Sikiliza alto peke yake: yaonekana haina utamu. Lakini ikinyamaza, wimbo wote wapwaya.

Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow, Uskoti, alikuwa mwimbaji hodari, naye aliitamani jukwaa. Akaiacha. Mwaka 1895 alifika Ukambani, akaanza kazi ya Injili huko Nzaui. Desemba 1896 homa ikamwua, akiwa na miaka 29 tu. Sauti moja ilinyamaza. Wengine wakaupokea wimbo, nasi Wakamba tunauimba hata leo.

Ndugu yangu wa Machakos, je, wewe na mwenzako wa kwaya hamsemezani kwa sababu ya nani aongoze? Soma Wafilipi sura ya 2. Kisha Jumapili, kabla hujafungua kinywa kuimba, umwendee ukampe mkono.

Mungu awabariki. Amina.