Ngazi ya Utabibu Ianzie Mtaani

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Zuzu, Dodoma.)



Mmeniomba nizungumzie vijana wanaotamani kazi ya kutibu watu ilhali wazazi wao hawana fedha za masomo marefu. Mzazi anayetegemea mtama, uwele na mifugo michache husikia neno udaktari akakata tamaa. Nasema anakata tamaa mapema mno, na pengine sisi tuliosoma ndio tuliomkatisha.

Vijiji vyetu havikupata huduma za afya kwa kuwangojea madaktari wa chuo kikuu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa kuanzia 1972 Serikali ilipoelekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya, vijana waliomaliza shule ya msingi walifundishwa wakawa waganga wa vijijini. Tangu 1963 yalikuwapo pia mafunzo ya Madaktari Wasaidizi, ambao kwanza walikuwa matabibu wazoefu. Hao walifika hadi chumba cha upasuaji. Utafiti uliochapishwa 2009 juu ya upasuaji wa dharura wa akina mama wajawazito mikoani Mwanza na Kigoma haukuona tofauti ya maana kati ya kazi yao na ya madaktari wenye shahada.

Leo ngazi hiyo imewekewa kipandio kipya cha chini. Mpango uliozinduliwa Januari 31, 2024 unakusudia kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka 5, wawili kwa kila mtaa au kitongoji. Wanapendekezwa na wananchi wenzao, nao hufundishwa kwa miezi 6.

Msiidharau kazi hiyo. Sisi wa nyanda za kati tunaijua trakoma. Utafiti uliofanyika Kongwa na kuchapishwa 1995 ulionyesha kuwa watoto wakitiwa dawa ya macho na pia wakanawishwa nyuso, trakoma kali hupungua. Kumshawishi mama atenge maji ya kumnawisha mtoto, naye ameyachota mbali, hakuhitaji shahada. Kunahitaji mtu anayeaminika, anayejua lugha ya nyumba ile.

Lakini, ndugu zangu, kuna hatari mbili.

Ya kwanza tumekwisha kuiona. Katika miaka ya 1980 wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa, kisha vijiji vikaachiwa jukumu la kuwalipa. Vijiji vingi havikuwa na uwezo, na wahudumu wengi wakarudi mashambani. Moyo wa kujitolea ni jambo jema, ila haulishi watoto. Mtumishi anayeshughulikia posho ya mhudumu asiione kuwa ni hisani yake.

Ya pili iko mikononi mwa walimu. Anayetaka kuendelea hadi stashahada ya utabibu hana budi kuwa amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia katika kidato cha 4; hata alama ya D inatosha. Ada ya shule za sekondari za Serikali hadi kidato hicho iliondolewa 2016. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha pia wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwamo za afya. Hata hivyo, wanafunzi wengi wamekuwa wakiacha Fizikia na Kemia waingiapo kidato cha 3, mara nyingi kwa sababu mkubwa fulani amewaambia kuwa masomo hayo si ya watu kama wao. Hapo njia hufungwa kabla mzazi hajaulizwa hata shilingi moja.

Basi ombi langu ni hili. Kabla mwanafunzi hajayaacha masomo hayo, mwalimu amwite pamoja na mzazi wake, awaeleze waziwazi ni mlango gani unaofungwa. Wakishajua, waamue wenyewe. Binti wa Zuzu anayeanza leo kwa kupima uzito wa watoto mtaani aweze kesho kupokea wagonjwa katika zahanati, akiwa na cheti chake mkononi.