Jifya Moja Haliinjiki Chungu
Hotuba ya Halmashauri ya Elimu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za Mfuko wa Karo mtasomewa na Mtunza Hazina. Sisi twaja na jambo moja ambalo hapana budi liamuliwe leo kabla hatujatawanyika. Wanachama kadhaa wameleta hoja kwamba tangu sasa Mfuko wetu uwasaidie wanafunzi wa sayansi na ufundi peke yao, na wale wanaofuata historia, lugha, muziki au michezo wajitafutie msaada kwingine.

Walioleta hoja hii si watu wa mzaha. Wamewaona vijana wenye shahada wakishinda barazani bila kazi. Wamewaona wazazi wakiuza ng'ombe, na hata kipande cha shamba, ili mtoto asome, kisha mtoto akarudi mikono mitupu. Fedha ya Chama hutoka mifukoni mwa watu wasio matajiri, nayo ni kidogo. Ni haki kuuliza kila shilingi itatuletea faida gani. Hata hivyo, baada ya kulitafakari jambo hili, twaona kwamba hoja hiyo haifai kupitishwa, nasi twaomba radhi ya kuwaeleza sababu zetu.

Mnajua kwamba mwezi wa Januari mwaka 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Mbele yao zimewekwa njia tatu: ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ya Sayansi za Jamii, na ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi huchagua masomo 3 ya njia yake, na juu ya hayo husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Basi hata waliopanga mtaala huu hawakukubali mtoto afungwe katika chumba kimoja. Je, sisi tulio wazazi wake ndio tutakaomfungia mlango?

Wazee waliotutangulia waliwahi kuletewa elimu ya upande mmoja. Mwaka 1909 Profesa Nelson Fraser aliishauri serikali ya kikoloni kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Skuli za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zikatengwa, na kila kundi likapewa elimu ya kadiri ya kazi iliyodhaniwa kuwa yake. Kazi ya mikono ni heshima, na hakuna mzee aliyeidharau. Kilichowauma wazee ni kwamba mtu mwingine alikuwa amekwisha kuamua mtoto wao atakuwa nani kabla mtoto hajapewa nafasi ya kujua aliloweza.

Kwa sababu hiyo watu wetu walijenga skuli zao wenyewe. Huko Githunguri, mwaka 1939, Mbiyu Koinange alianza Chuo cha Ualimu cha Kenya. Watu walichanga fedha, wakaleta mawe na mbao, na akina mama wakajitahidi kujenga bweni la wasichana. Skuli ile ilifungwa na serikali mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, lakini fundisho lake halikufungwa. Wale waliobeba mawe kwa mikono yao ndio waliotaka watoto wao wajue vitabu pia. Mkono na kitabu kwao havikuwa maadui.

Pengine mtu atasema kwamba tulikwisha kujaribu elimu pana, nayo ikatuchosha. Ni kweli. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliwapa watoto masomo mengi: ukulima, ususi na uchongaji, upishi, muziki na biashara. Nia ilikuwa njema. Lakini skuli nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, wazazi wakabebeshwa mzigo wa kuvijenga, na mtoto akakariri kwa ajili ya mtihani jinsi ya kushika randa ambayo hajapata kuiona. Baadaye masomo yakapunguzwa. Twajifunza hapo kwamba wingi wa masomo si upana wa elimu. Elimu pana ni ile inayomfanya mtoto aweze kufikiri, kutenda, na kukaa na watu vizuri, hata kama masomo yake ni machache.

Tumtazame mmoja wa watu wetu aliyejulikana ulimwenguni kote. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma katika chuo kidogo cha watawa huko Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na pamoja nalo alisoma kemia na lugha ya Kijerumani. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika chuo cha Nairobi. Huyo alikuwa mwanasayansi kamili. Lakini alipoanzisha Chama cha Green Belt mwaka 1977, sayansi peke yake isingalimtosha. Ilimbidi aongee na wanawake wa vijijini kwa lugha wanayoielewa, aandike barua kwa wakubwa, aijue sheria, na mwaka 1989 asimame kuitetea bustani ya Uhuru isijengwe jumba refu. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kuotesha mche ni kazi ya elimu ya mimea. Kuulinda usikatwe ni kazi ya elimu nyingine.

Na si watu mashuhuri tu. Muuguzi aijuaye dawa lakini asiyejua kusema na bibi kizee mgonjwa, dawa yake haitamezwa. Fundi hodari wa umeme asiyeweza kusoma mkataba atalipwa nusu ya haki yake. Na mwimbaji asiyejua hesabu atawatajirisha wengine kwa sauti yake. Kila mmoja wao ana jifya moja, na jifya moja haliinjiki chungu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twauomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, Mfuko wa Karo usifungwe kwa njia moja ya masomo. Atazamwe mtoto mwenyewe, bidii yake na uhitaji wake. Pili, kila mwanafunzi tunayemsaidia, wa sayansi na wa sanaa sawasawa, ajifunze wakati wa likizo kazi moja ya mikono kwa mwanachama mwenye ujuzi, tena atumikie jamii yake mahali tutakapokubaliana. Tatu, wazee wetu wawe na siku ya kukutana na wanafunzi hao kila likizo, wawafundishe historia ya kwao, desturi za adabu na namna ya kuamua ugomvi. Elimu hiyo haina karo, na wenye kuifahamu wanapungua kila mwaka.

Hatuwafichi kwamba uamuzi huu una gharama. Waombaji watakuwa wengi, na fedha ni ile ile. Huenda mwaka ujao baadhi ya watoto wa sayansi wapewe kidogo kuliko walivyotumaini, na wazazi wao wako humu ndani wakitusikiliza. Twawasihi wapime jambo hili kwa haki. Mtoto wa jirani anayesoma historia leo huenda ndiye wakili atakayelitetea shamba lako kesho, na wako wa sayansi huenda ndiye atakayemtibu mtoto wake.

Hayo ndiyo maoni yetu. Tumeyasema kwa unyenyekevu, nasi tutautii uamuzi wa Mkutano vyovyote utakavyokuwa.